Namna ya kulinda figo zako kulingana na jinsia na umri, kwa watu wa Kigoma

Ukimuuliza mtu pale Mwanga au Kibirizi figo zinaharibiwa na nini atakwambia kutokunywa maji na pombe kali, basi kamaliza. Sio uongo, ila amebakiza habari kubwa tu, manake figo ya mwanaume wa miaka 35, figo ya mama wa miaka 35, na figo ya huyohuyo mama akishafika 58 hazipokei kipigo kwa namna moja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatoka kwenye homoni. Huu mwongozo ni wa mtu wa kawaida, mvuvi wa dagaa, mama anayeuza mawese, kijana wa gym, bibi mwenye dawa zake za presha, ili ujue kipi kinakuhusu wewe na kipi hakikuhusu. Kama saivi tayari umevimba au mkojo umekata acha kusoma nenda hospitali, utasoma ukirudi.

Kwanza elewa figo inaumiaje

Hapa nitakaa kidogo, ukiruka sehemu hii huko mbele utaona nakupangia masharti tu.

Figo moja ina vichujio kama milioni moja. Zote mbili zinapokea kama moja ya tano mpaka robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kwa siku zinachuja karibu lita 180, alafu karibu yote inarudishwa mwilini, wewe unakojoa lita moja na nusu au mbili hivi. Ile kazi ya kurudisha maji, chumvi na sukari ndo inakula nguvu, kwaiyo seli za mirija ya figo zimejaa mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya kutengeneza nguvu ndani ya seli, na mitokondria hazifanyi kazi bila oksijeni. Cha ajabu sasa, sehemu ya ndani ya figo inapata oksijeni kidogo hata ukiwa mzima kabisa, ndo maana damu ikipungua kidogo tu ile sehemu inaumia ya kwanza.

Chukulia jiko la mkaa ndani ya nyumba. Likiwaka vizuri moshi ni kidogo na dirisha linautoa. Lifunike likose hewa, alafu lifunue ghafla upepee kwa nguvu, utaona moshi na cheche zinavyojaa chumba. Figo ndo hivohivo, umeharisha au umetoka damu nyingi, presha imeshuka, figo imekosa damu, alafu damu inarudi kwa kasi, hapo ndo mitokondria zinatema oksijeni kali, molekuli zinazochoma mafuta ya ukuta wa seli, protini, mpaka DNA. Wataalamu wanaita msongo wa oksidishaji, yaani oksijeni kali zinazotengenezwa zimezidi uwezo wa mwili kuzizima. Na mwili unao wazimaji wake, kuna vimeng'enya kama katalasi na superoksidi dismutasi, kuna kitu kinaitwa glutathioni, majina usiyakariri, jua tu wapo na wanaweza kuzidiwa.

Sasa homoni zinaingia wapi. Estrojeni, ile ambayo wanawake wanayo nyingi kuanzia kuvunja ungo mpaka kukoma hedhi, inawasaidia hao wazimaji. Inaongeza vimeng'enya vya kuzima, inaifanya mishipa midogo itoe nitriki oksidi ambayo inailegeza ili damu ipite, alafu inakitulizа kimeng'enya kinachoitwa NADPH oksidasi ambacho kazi yake ni kutengeneza oksijeni kali. Testosteroni kwenye figo iliyokosa damu inaelekea upande wa pili. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi moja ya panya, mshipa wa damu wa figo unabanwa kwa muda alafu unaachiwa, wakaona madume wanaumia vibaya kuliko majike, madume waliohasiwa wakaumia kidogo, na majike waliopewa testosteroni ile kinga yao ikapotea. Kwaiyo sio kwamba majike wana figo za chuma, ni homoni.

Ila panya ni panya. Kwa binadamu picha imechanganyika, duniani wanawake wenye ugonjwa sugu wa figo ni wengi kuliko wanaume, lakini mwanaume akishaupata figo zake zinaenda kasi zaidi kuelekea kufeli na kwenye mashine za kusafisha damu wanaume ndo wengi. Na hapo usiisingizie homoni peke yake, kuna sigara, kuna pombe, kuna kazi nzito juani, na kuna ile tabia yetu wanaume ya kwenda hospitali ukiwa umebebwa.

Na kabla mtu hajakimbilia duka la dawa: hakuna daktari anayempa mwanamke estrojeni ili kulinda figo, na mwanaume hapunguziwi testosteroni kwa sababu hiyo. Estrojeni ya kumeza inapita kwenye ini kwanza, ini linaongeza protini ya kupandisha presha, na damu inakuwa rahisi kuganda. Homoni ya mwili wako mwenyewe na kidonge ni vitu viwili tofauti. Unachoweza kufanya ni kujua uko upande gani alafu usirundike mapigo juu ya figo ambayo haina wa kuitetea.

Namna ya kusoma kreatinini, wengi wanadanganyika hapa

Kipimo cha figo kinachopatikana kirahisi ni kreatinini ya damu. Kreatinini inatoka kwenye misuli, figo inaitoa, figo ikichoka inabaki kwenye damu. Sasa mwanaume kwa kawaida ana misuli mingi kuliko mwanamke, tena testosteroni ndo inajenga hiyo misuli, kwaiyo namba moja haiwezi kumaanisha kitu kimoja kwa wote.

Tuseme karatasi imeandikwa 1.2 mg/dL, maabara nyingine itaandika 106 µmol/L, ni kitu kilekile (ukitaka kubadilisha zidisha kwa 88.4). Kijana wa kiume wa miaka 30 mwenye 1.2, ukiingiza kwenye fomula inayotumika saivi ya CKD-EPI ya mwaka 2021, figo zake zinachuja kama mililita 83 kwa dakika, yupo vizuri tu. Mama wa miaka 60 mwenye 1.2 hiyohiyo anachuja kama 52. Chini ya 60 ikikaa hivyo miezi mitatu na zaidi hiyo inahesabika ugonjwa sugu wa figo. Umeona? Karatasi ileile, mmoja anarudi kazini mwingine anatakiwa aanze kufuatiliwa, na mama wa watu anaweza kuambiwa upo kawaida kwa sababu mtu kaangalia namba bila kuangalia nani kaleta damu.

Kwaiyo ukipewa majibu usiulize "ni kawaida?" Uliza hivi: daktari, naomba eGFR yangu, yaani ile namba ya figo zinachuja kiasi gani, kwa umri na jinsia yangu. Fomula ipo hata kwenye simu, unaingiza kreatinini, umri na jinsia. Alafu omba na kipimo cha mkojo waangalie protini, ile ya kijiti, kwa sababu figo inaweza kuwa inachuja vizuri lakini tayari inavujisha. Mama mjamzito sheria zake ni zake, kreatinini inatakiwa ishuke wakati wa mimba, ikipita 77 µmol/L hivi (kama 0.9) ni ya kutilia mashaka wakati kwa mtu asiye na mimba tungesema safi kabisa.

Jambo lingine, kama figo imeumia leo au jana hiyo eGFR haina maana, kreatinini inachelewa kupanda. Hapo wanaangalia mwendo: ikiongezeka 0.3 mg/dL ndani ya masaa 48, au ikifika mara moja na nusu ya ilivyokuwa ndani ya siku 7, au mkojo umepungua sana kwa masaa 6, hayo ni majeraha ya ghafla ya figo.

Wewe mwanaume

Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni anarudi Kibirizi asubuhi, usiku kucha anavuta nyavu, maji aliyobeba ni kachupa, asubuhi anapigwa na jua akisubiri kuuza, mwili unauma, ananunua diklofenaki anameza na tumbo tupu. Nimeandika sentensi moja lakini humo mna mapigo matatu: maji yamepungua, misuli imechoka, na dawa inayobana mishipa ya kuingiza damu kwenye figo. Kila moja peke yake kijana wa miaka 25 anaihimili. Zote kwa pamoja, kila usiku isipokuwa ule wa mbalamwezi, miaka kumi, aah.

Wapakiaji pale bandarini na stesheni hali ni hiyohiyo, tena kwao kuna kingine, kazi nzito mno kwenye joto inaweza kuvunja misuli mpaka protini yake, myoglobini, iingie kwenye damu. Ina chuma ndani yake, na chuma kikifika kwenye mirija ya figo kinachochea oksijeni kali pale pale. Dalili ni misuli kuuma kupita kawaida na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au koka. Ukiuona huo usilale nao, nenda kituoni wakuwekee dripu mapema.

Cha kufanya: beba lita tatu sio nusu lita, na yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya kutibu maji, sio ya kuchota ziwani. Kunywa kidogokidogo usiku mzima sio yote asubuhi. Angalia mkojo, ukiwa wa njano iliyofifia upo sawa, ukikolea kama mawese ongeza. Maumivu yakikushinda kunywa panado. Na usinywe maji lita nane kwa hofu, kuzidisha sana kunashusha chumvi ya damu, hiyo nayo hatari.

Vijana wa gym sasa. Zile sindano za kukuza misuli ni testosteroni au ndugu zake, kwa dozi ambazo mwili haujawahi kuziona. Zinapandisha presha, na kwa wanyanyua vyuma imeripotiwa vichujio vya figo kupata makovu na protini kumwagika kwenye mkojo. Kijana anaona kifua kimejaa, figo anaiona nani? Kama umeshachoma, pima presha na mkojo wiki hii, na umwambie daktari ukweli, hakufungi mtu.

Dawa za nguvu za kiume za kwenye chupa za soda sitazizungumzia sana, zile hujui kilichomo na anayekuuzia pia hajui. Nchi nyingi wamepima hizo za asili wakakuta zimechanganywa na dawa ya hospitali. Ila elewa kwamba nguvu kupungua mara nyingi ni sukari au presha inayoharibu mishipa, na ndo hizohizo zinazoharibu figo, kwaiyo kapime hizo kwanza kabla hujanunua chupa.

Wazee wangu kuanzia miaka 50, shikamooni. Testosteroni ikishabadilishwa na mwili kuwa dihidrotestosteroni inakuza tezi dume, tezi inabana njia, mkojo unarudi nyuma mpaka kwenye figo. Hapa jeraha halitokani na kukosa damu, ni bomba limeziba, na uzuri wake ni kwamba likizibuliwa mapema figo nyingi zinarudi. Mkojo unatoka kwa kudondoka, unaamka usiku mara nne, tumbo la chini limejaa, usione haya mzee. Mpira wa mkojo wa siku chache unaweza kukuokoa na mengi.

Wewe mwanamke

Kuanzia kuvunja ungo mpaka kukoma hedhi una msaada wa estrojeni, lakini msaada sio ngao. Kuna mambo matatu yanaupita.

La kwanza dogo, maumivu ya hedhi. Ibuprofeni na diklofenaki zinatumika sana kwa hilo na zinafanya kazi, siku mbili tatu, umekula, umekunywa maji, hujaharisha wala kutapika, kwa mwanamke mzima asiye na presha wala sukari sio tatizo kubwa. Tatizo ni ile ikishazoeleka unaimeza na kwa kichwa, na kwa mgongo, na kwa uchovu wa soko.

La pili ni mimba, na hili ndo kubwa. Figo za mama zinaumizwa na kifafa cha mimba na presha inayokitangulia, zinaumizwa na kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, na zinaumizwa na maambukizi baada ya mimba kuharibika au kutolewa kienyeji. Kwenye presha ya mimba kondo la nyuma lenyewe linakosa damu ya kutosha, linatoa vitu vinavyoharibu mishipa ya mama mwili mzima, na oksidishaji upo katikati ya hiyo vurugu. Hapo estrojeni ipo tele na bado haitoshi. Kwaiyo kliniki usiende kuandikisha jina tu, hakikisha kila hudhurio umepimwa presha na mkojo. Baada ya wiki 20 presha ikigusa 140/90, au kijiti kikionyesha protini, au kichwa kinauma sana unaona nyotanyota, au umevimba uso, unaenda sikuhiyohiyo. Kama mimba iliyopita ulipata presha mwambie nesi mwanzoni kabisa, kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kukuanzishia. Na ukishajifungua usijisahau, mama aliyepata kifafa cha mimba au presha yake figo na moyo wake viko kwenye hatari zaidi miaka ya mbele, kapime presha wiki ya sita alafu kila mwaka.

Kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, sababu nimeshaieleza pale kwenye ini, pima presha kabla ya kuanza na baada ya miezi michache, ikipanda mwambie mtoa huduma akubadilishie njia. Usiache kimyakimya ukapata mimba usiyoitaka, mimba inaubebesha mwili mzigo kuliko kidonge.

Dawa za kupunguza tumbo na unene pia. Miaka ya 1990 mwanzoni Ubelgiji wanawake wengi waliharibika figo kabisa kwa sababu ya vidonge vya mimea vya kupungua, vilikuwa na asidi ya aristolokiki ndani yake. Ulikuwa mti tu, wa asili kabisa.

La tatu, kukoma hedhi. Wengi inatokea kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni inashuka, wazimaji wanapungua, mishipa inakakamaa, presha inaanza kupanda na chumvi uliyoila miaka yote bila shida inaanza kukusumbua. Yaani ndani ya miaka michache unahamia upande wa wanaume bila mtu kukuambia. Waliotolewa ovari zote mbili mapema kwa upasuaji wanahamia mapema zaidi na tafiti zimewaonyesha wanapata ugonjwa sugu wa figo zaidi ya wenzao. Mama yangu, dada yangu, kama hedhi imekoma, hata kama unajisikia mzima, presha angalau mara moja kwa mwaka, sukari, mkojo, na kreatinini yenye eGFR. Chumvi punguza, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku ambayo ni kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila kitu, pamoja na ile iliyo kwenye samaki mkavu. Najua sisi chumvi ya Uvinza ni ya nyumbani, ila kiasi ni kilekile.

Malaria, na kwa nini vijana wa kiume wawe macho na dawa fulani

Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini kwaiyo hii huikwepi. Malaria kali inavunja chembe nyekundu za damu, hemoglobini inamwagika, chuma chake kinafika kwenye mirija ya figo kinafanya kilekile cha myoglobini. Mkojo unakuwa mweusi au mwekundu wa kukolea. Mtoto au mtu mzima mwenye homa na mkojo huo hatibiwi nyumbani kwa mseto, anapelekwa.

Alafu kuna upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, kwetu Afrika upo sana kwa sababu unamkinga mtu kidogo na malaria. Hiki kimeng'enya ndo kinaihudumia ile glutathioni kwenye chembe nyekundu. Ukiwa nacho kidogo, dawa zenye kuchochea oksidishaji zinapasua chembe zako. Na kinarithiwa kwenye kromosomu X, mwanaume ana X moja tu kwaiyo ikiwa na hitilafu hana akiba, mwanamke anayo ya pili. Dawa za kuwa nazo makini ni primakwini ya dozi kubwa, dapsoni, nitrofurantoini inayotolewa kwa UTI, na hata vile vidonge vya nafthalini vya kuweka kwenye nguo, usiviache mtoto akavitia mdomoni. Kama kwenye ukoo wenu kuna mjomba au kaka aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kunywa dawa, hiyo habari iseme kabla hujaandikiwa chochote. Mjomba wa upande wa mama haswa.

Kuharisha

Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Kagunga watu waliona namna mwili unavyokauka kwa masaa machache. Figo inakufa kwa ukame kabla hata ya vijidudu. Ukianza kuharisha anza ORS palepale, paketi moja lita moja ya maji safi. Hamna paketi? Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Usikadirie chumvi kwa mkono.

Na kama unatumia dawa za presha kama losatani, enalapri, kaptopri, au vidonge vya kupunguza maji, au metfomini ya sukari, ukiwa unaharisha na kutapika mpigie au muone anayekutibu siku hiyohiyo umuulize kama usimamishe kwa muda mpaka upone. Wengi hawaambiwi hili. Hizo dawa ni nzuri, losatani na wenzake wanalinda figo miaka yote, ila siku mwili umekauka dawa za presha zinaweza kuiangusha presha ya ndani ya kichujio, na metfomini inaweza kurundikana mwilini figo ikichoka. Ukipona zirudie, usizisahau kabatini.

Ukifika duka la dawa

Sema ukweli wako kabla hujataja dawa. Hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, nikupe nini?"
"Kiuno mama, kinauma sana. Ila nina presha, natumia losatani na kile kidonge cha kupunguza maji, alafu juzi niliharisha."
"Hee, basi diklofenaki sikupi. Chukua panado na ORS, kisipotulia nenda wakuangalie."

Mama wa duka kafanya kazi kubwa hapo. Losatani, kidonge cha maji na diklofenaki vikikutana kwenye mwili mmoja figo inakosa njia zote za kujitetea. Panado nayo ina mpaka wake, mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, mnywaji wa gongo au mwenye mwili mdogo apungue hapo. Sindano ya jentamaisini usikubali kuchomwa mtaani, inaingia kwenye seli za mirija ya figo na kuziharibu, inahitaji mtu anayefuatilia.

Na hilo la kiuno jamani. Kiuno kikiuma watu wanasema figo. Mara nyingi ni misuli tu. Figo inayokufa taratibu haiumi, ndo ubaya wake, na mtu anaishia kuiharibu figo nzima kwa diklofenaki akidhani anaitibu.

Vidonge vya kuzuia oksidishaji, ninunue?

Hapana. Najua wanaokuja na mikoba na zile chati za rangi watachukia. Hoja yao inasikika vizuri, kama oksijeni kali zinaua figo basi meza kizima oksijeni. Imejaribiwa kwa watu. Asetilisisteini, ambayo inaongeza glutathioni, ilijaribiwa kwa karibu watu 5,000 wanaopigwa picha za mishipa kwa dawa ya rangi, jaribio likachapishwa 2018, haikusaidia figo. Badoksoloni, dawa iliyotengenezwa kuamsha mfumo wa wazimaji, jaribio lake kubwa kwa wenye sukari na figo lilisimamishwa 2012 kwa sababu wagonjwa walikuwa wanapata moyo kushindwa kufanya kazi. Vitamini C za dozi kubwa zinageuka oksalati mwilini na oksalati inatengeneza mawe ya figo, nyingine zinajaza mirija. Mwili unatumia kiasi kidogo cha hizo oksijeni kali kama ishara zake pia, kuzima zote sio lengo.

Kula tu. Matembele, mchicha, papai, embe za msimu, dagaa wetu, migebuka. Mawese mekundu yana karotini na vitamini E nyingi kweli, ila nusu yake hivi ni mafuta mazito na ukishayachemsha mpaka yakawa meupe na ukayarudia kukaangia siku tatu faida imekwisha. Mwenye ugonjwa wa figo uliokwisha kukua asinifuate hapa kwenye matunda, potasiamu inaweza kumpanda, aulize kwanza.

Sigara acha. Hilo halina maelezo marefu, kila mvuto unaingiza oksijeni kali kwenye damu na kwa mwanaume unaongezea pale alipo dhaifu tayari.

Lini uende bila kusubiri

Mkojo umepungua ghafla au umekata zaidi ya masaa 6 na umekunywa maji. Mkojo mweusi, mwekundu au wenye povu lisiloisha siku kadhaa. Uso na miguu vimevimba, pumzi inakata ukilala. Kuharisha au kutapika ambako ORS haikai. Mjamzito mwenye dalili nilizozitaja. Kizunguzungu na kuchanganyikiwa baada ya kazi ya juani.

Ukienda, iwe zahanati ya kijijini kwenu au hospitali ya Maweni, beba dawa zote unazotumia kwenye mfuko, na za kienyeji pia, usifiche. Taja tarehe ya hedhi ya mwisho au kama imekoma, na kama una mimba. Na karatasi za vipimo vya zamani usizitupe wala kufungia karanga, piga hata picha uweke kwenye simu, kwa sababu daktari akiona mwaka jana kreatinini yako ilikuwa 0.8 na leo ni 1.3 atajua kuna kitu kimeiumiza figo, hata kama maabara imeandika kawaida pembeni yake.